TV iko dukani kwa waranti na haitengenezwi: usubiri, udai ingine, udai pesa ama uende kortini?

Kama uko Kenya na TV uliyonunua imekufa ndani ya waranti, umeirudisha dukani, na kila ukipiga simu unaambiwa spea haijafika, basi hii ni yako. Nitaziweka njia upande kwa upande: kuendelea kusubiri, kudai TV ingine, kudai pesa zako, kuitoa na kumpelekea fundi wako, halafu duka likikataa kabisa, kulalamika kwa mamlaka ama kufungua kesi kwa Mahakama ya Madai Madogo. Si kila njia inafaa kila mtu, na kuna zingine ukizichukua mapema zinafunga zile zingine, hapo ndo watu wanapoteza haki yao bila kujua.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua niko wapi. Ukichelewa kuandika, duka ndo litakuchagulia njia. Sheria yetu haijataja ni siku ngapi duka linaruhusiwa kukaa na TV yako, kwa hivyo tarehe lazima uiweke wewe, kwa maandishi, na karibu kila njia hapa chini inategemea hiyo karatasi.

Sheria inasimama wapi

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara sababu ya kasoro. Halafu kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani sana lakini bado inatumika, kifungu cha 16 kinasema kitu ukikinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu hivyo lazima kiwe cha kiwango cha kuuzika na kifae kazi yake. TV isiyowaka haifai kazi ya TV, hapo hakuna mjadala mrefu. Juu ya hiyo ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia ubora hata kama hakutamka chochote, na kipengele kinachojaribu kufuta dhamana hizo hakina nguvu. Kwa hivyo lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lililobandikwa nyuma ya kaunta linaweza kumzuia mtu aliyebadilisha tu mawazo, lakini halimzuii mwenye TV mbovu.

Waranti ya kampuni, ile karatasi ya mwaka mmoja ama miwili, ni nyongeza juu ya haki hizo. Haizifuti. Watu wengi wakisikia waranti imeisha wiki iliyopita wanakata tamaa kabisa na kumbe kesi ya mkataba unaweza kuifungua ndani ya miaka 6. Tatizo ni kwamba kadiri muda unavyoenda ndivyo inavyokuwa ngumu kuonyesha kasoro ilikuwa ndani ya TV tangu siku ya kuuzwa na haikuletwa na stima au matumizi, na hiyo ni kazi yako kuithibitisha.

Sasa ile ya siku. Ukitafuta mtandaoni utakutana na habari ya siku 30 za kurudisha bidhaa na nafasi moja tu ya kutengeneza, watu wanaibeba hivyo hivyo mpaka kwa kaunta ya duka la Nairobi na meneja anawaambia hakuna kitu kama hicho. Na ni kweli, hiyo ni sheria ya Uingereza ya 2015, huko mteja ana siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kurekebisha, ikishindikana mteja anadai pesa. Ni sheria nzuri na natamani tungekuwa nayo. Ya kwetu inazungumzia muda wa kufaa, na muda wa kufaa unaangaliwa kulingana na mambo yenyewe yalivyokuwa: kasoro ni gani, spea inatoka wapi, duka lilikuambia nini, wewe ulifanya nini. Usitaje siku 30 za Waingereza, utapoteza nguvu bure kwa hoja ambayo si yako.

Na kitu cha mwisho kwa upande wa sheria ambacho kinabadilisha uchaguzi wako. Ukishaikubali TV, yaani umekaa nayo ukiitumia kwa muda wa kutosha bila kuikataa, sheria ya Sura ya 31 inakutoa kwa haki ya kuikataa yote na kukupeleka kwa haki ya kudai fidia. Kwa hivyo aliyerudisha TV siku ya tatu na aliyerudisha mwezi wa nane hawako mahali pamoja. Wa siku ya tatu anaweza kusema chukueni TV yenu nipeni pesa yangu. Wa mwezi wa nane anadai tofauti kati ya thamani ya TV nzima na thamani ya hiyo mbovu, na kama paneli, yaani skrini yenyewe, imekufa basi hiyo tofauti inakaribia bei yote, kwa hivyo asivunjike moyo, ajue tu jina la anachodai.

Duka ama kampuni iliyotengeneza?

Hii ndo danadana ya kwanza. Unaenda dukani unaambiwa, "Boss, sisi tunauza tu, waranti ni ya kampuni, peleka huko kwao." Unaenda huko kwao unaambiwa urudi kwa duka ulikonunua. Wiki zinapita.

Nikilinganisha hizo mbili: kituo cha kampuni mara nyingi kina spea na mafundi wanaojua hiyo modeli, na hakuna mtu wa katikati wa kupoteza ujumbe, kwa hivyo kwa kasi kinaweza kushinda duka. Lakini pesa yako ilienda kwa duka, mkataba wako ni na duka, na siku ukitaka kurudishiwa pesa ni duka ndo linadaiwa. Mimi ningekubali kupeleka kwa kituo cha kampuni kama kiko karibu, ila kabla sijatoka dukani natuma meseji kwa namba yao ya WhatsApp: "Mmenielekeza niipeleke TV kwa kituo cha kampuni, naipeleka leo kwa niaba yenu, jukumu la kuitengeneza bado ni lenu." Meseji fupi hivyo. Wakikaa kimya ni sawa, umeshaandika.

Njia ya kwanza, kusubiri

Kusubiri si ujinga. Kama kasoro ni bodi ya pawa ama zile taa za nyuma ya skrini, ni spea ambazo hupatikana bila taabu kubwa, na kama duka linashika simu na limekupa tarehe, basi kusubiri ndo njia ya bei rahisi kuliko zote, hutumii hata shilingi na TV inarudi na waranti yake. Wengine hata hukupa TV ndogo ya kutumia kwa muda ukiwaomba vizuri, na watu hawaombi, waombeni.

Pale kusubiri kunakuwa hasara ni ukiskia neno paneli. Paneli ndo TV yenyewe, bei yake huwa karibu sana na bei ya TV mpya na kwa modeli nyingi hakuna anayeiweka stoo ikisubiri, kwa hivyo duka likikuambia linangoja paneli iagizwe uliza swali moja tu, imeagizwa tarehe ngapi na kuna karatasi ya kuonyesha? Kama hakuna, hawangojei chochote, wewe ndo unangojeshwa. Hapo hama njia.

Jambo lingine ni waranti yenyewe kuendelea kuisha TV ikiwa kwao. Ukiipeleka Oktoba ikakaa mpaka Januari, waranti ya mwaka iliyokuwa iishe Desemba imekatika ukiwa huna TV nyumbani. Dai waandike kwamba siku ilizokaa kwao zinaongezwa juu ya waranti. Maduka mengi yanakubali ukiuliza mapema, na yanakataa ukiuliza baadaye.

Na kama umechagua kusubiri, fomu ya kupokelea TV, ile wanaita jobu kadi, ndo kila kitu. Nataka tuiangalie kwa karibu sababu hapa ndo kesi nyingi zinakufa. Kijana wa kaunta ataandika "TV 43, haiwaki" na atakugeuzia usaini. Usisaini hapo. Mwambie aongeze namba ya sirio, iko kwa stika nyuma ya TV karibu na mashimo ya HDMI, aongeze kasoro kwa maneno yako (taa nyekundu inapepesa, sauti iko picha hakuna, mistari ya wima upande wa kushoto), na aongeze maneno haya: skrini haina ufa, kava haijafunguliwa. Haya maneno ya mwisho ni ya dhahabu kwa sababu baada ya wiki kadhaa kuna uwezekano uambiwe fundi amekuta TV imegongwa, na waranti karibu zote hazigusi TV iliyogongwa. Piga picha TV ikiwa imelala pale pale kwa kaunta yao, mbele na nyuma. Rimoti, miguu na waya za ziada bakisha nyumbani kama hawazihitaji, ukiacha rimoti andika umeacha rimoti. Ukienda peke yako na simu ina chaji unaweza kufanya haya yote kwa dakika chache na hakuna mtu mwaminifu atakukasirikia.

Njia ya pili, TV ingine

Kati ya kukupa TV ingine na kukupa pesa, duka litachagua TV ingine kila siku, na kwa sababu hiyo ndo dili rahisi zaidi kufungwa bila vita. Kama unachotaka ni TV ukutani na wala huna kisirani na duka, anza na hii.

Lakini uwe macho na kitu watakachokupa. Modeli yako "imeisha", sasa wanakuletea ya kampuni ingine, inchi ni zile zile, kwa macho inafanana. Angalia kama ya kwanza ilikuwa 4K na hii siyo, kama ya kwanza ilikuwa smati yenye programu zake na hii ni dijitali ya kawaida, kama boksi limefungwa na namba ya sirio ya boksi ni ile ya TV, sababu kuna wanaokupa iliyorudishwa na mteja mwingine ikatengenezwa. Kama bei yake ni ya chini unadai tofauti yako. Halafu risiti mpya ama angalau mstari kwa risiti ya zamani unaosema waranti inaanza upya leo, usiondoke bila hiyo.

Nimeona mama mmoja akikubali TV ndogo zaidi "kwa sasa" mpaka yake ije, hakuandikiwa popote, na yake haikuja. Neno "kwa sasa" liandikwe na tarehe, la sivyo umekubali mbadala.

Njia ya tatu, pesa zako

Hii ndo ngumu na ndo watu wanaitaka zaidi. Nafasi yako ni nzuri kama kasoro ilionekana siku za mwanzo, ama wameshajaribu kutengeneza na ikarudi na ugonjwa ule ule, ama wamekaa nayo muda mrefu bila kukupa tarehe yoyote hata baada ya wewe kuandika. Nafasi inapungua kama umeitumia miezi mingi, na hapo duka litasema likate kiasi cha matumizi. Kukata kidogo si wizi, ni jambo la kuelewana, kwa mtu aliyeangalia TV karibu mwaka mzima mimi naona kukubali makato kidogo na kumaliza mambo ni bora kuliko kupigania shilingi ya mwisho. Lakini makato yahesabiwe mbele yako, si mtu kutaja tu namba.

Watajaribu pia kukupa vocha ya duka badala ya pesa. Linganisha hivi: vocha inakufunga kwa duka lile lile lililokuchelewesha, kwa bei zao, na wakati mwingine ina mwisho wa matumizi. Kama walikuwa wazuri kwako na wana TV unayoitaka, chukua. Kama umeshachoka nao, sema ulilipa kwa M-Pesa, irudi kwa M-Pesa.

Waliochukua TV kwa kulipa polepole wasikilize vizuri hapa. Hasira inakuambia acha kulipa mpaka TV irudi. Usiache kimya kimya. Mkopeshaji mara nyingi si duka, ni kampuni ingine, na yeye anaona tu malipo yamekatika, kesho jina lako liko kwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, na mkopo mwingine hupati. Waandikie wote wawili, duka na mkopeshaji, waambie TV ni mbovu na iko wapi tangu lini, na uombe malipo yasimamishwe kwa makubaliano. Wakikataa endelea kulipa na hizo pesa uziweke kwa hesabu ya madai yako.

Njia ya nne, fundi wako

Luthuli Avenue hapo Nairobi na mitaa ya karibu kuna mafundi ambao wanafufua TV kwa siku moja, na kila mji una wake. Kwa kasi hakuna njia inayowashinda. Lakini ukifungua kava na ile stika ya waranti ikakatika, umefunga karibu njia zote za juu, duka litasema fundi wako ndo aliharibu na hutakuwa na jibu. Kwa hivyo kama waranti ipo, hii iwe ya mwisho.

Inafaa kama waranti imeisha, ama TV ni ndogo na ugonjwa ni wa bei nafuu, ama umeliandikia duka ukaliwekea siku za mwisho, zikapita kimya, ukaichukua TV yako kwa maandishi na unataka tu kuona habari za saa moja. Hapo gharama ya fundi unaweza kuidai kwa duka kama fidia, mradi uwe na ile barua ya kwanza na risiti ya fundi inayosema alikuta nini. Fundi akikupa makadirio, yaandike kwa WhatsApp hata kama mko naye uso kwa uso, kwa sababu sheria ya 2012 inasema aliyetoa makadirio hawezi kukulipisha zaidi ya asilimia 10 juu yake. Na spea ya zamani ichukue.

Kabla ya njia za nje: ile meseji

Nimesema tarehe ni yako kuiweka, sasa iko hivi. Unaweza kutuma kwa baruapepe ama WhatsApp, ama upeleke barua wakupigie muhuri kwa nakala yako:

"Kwa meneja. Tarehe fulani nilinunua kwenu TV ya inchi 43, namba ya sirio hii, kwa shilingi kadhaa, risiti namba hii. Tarehe fulani niliirudisha ikiwa haiwaki, jobu kadi namba hii. Mpaka leo haijatengenezwa na sijapewa tarehe. Naomba ndani ya siku 14 kutoka leo mnirudishie ikiwa imepona, ama mnipe ingine ya aina ile ile, ama mnirudishie pesa zangu. Siku hizo zikiisha bila mojawapo, nitadai pesa zote pamoja na gharama zangu kwa Mahakama ya Madai Madogo na kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani."

Siku 14 ni namba yangu, haijaandikwa popote, lakini ni muda ambao mtu yeyote akiuangalia ataona ulikuwa muungwana. Ukiweka siku 2 utaonekana mgomvi. Usitukane, usitishie kuita polisi, hii si kesi ya polisi. Na usiitume kwa kijana wa kaunta ambaye mwezi ujao hayuko.

Maduka mengi yanaamka hapo. Si kwa uoga tu, ni kwa sababu sasa kuna mtu wa juu lazima ajibu.

Mamlaka ama mahakama?

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK, iliundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010 na ina sehemu nzima ya ustawi wa watumiaji. Kulalamika ni bure. Wanapenda karatasi: risiti, jobu kadi, zile meseji. Nguvu yao kubwa iko pale duka limekudanganya, mfano lilikuuzia likisema waranti ni ya miaka miwili kumbe ni mwaka mmoja, ama linawaambia wateja kwamba hakuna haki ya kurudisha bidhaa mbovu, sababu kudanganya juu ya waranti na haki za mteja ni kosa chini ya sheria yao. Barua kutoka kwao duka haliichukulii mchezo. Udhaifu ni kwamba wewe hushiki usukani, wao wanaangalia soko lote na malalamiko yako yako kwa foleni na mengine. Kuna pia COFEK, shirikisho la watumiaji, si serikali, hawana amri ya kumlazimisha mtu lakini wanajua kupaza sauti.

Mahakama ya Madai Madogo ni kitu kingine, na kwa kweli ndo mabadiliko makubwa zaidi kwa mteja wa kawaida ambayo nimeyaona nchini. Sheria yake ni ya 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021 na baadaye miji mingine. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, TV gani hiyo itazidi hapo? Huhitaji wakili, unaweza kusimama mwenyewe, hawafungwi na zile kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Ada ya kufungua inategemea kiasi unachodai, na ukishinda unaidai pia. Hapa wewe ndo mwenye kesi, na mwisho wake ni amri ya kulipwa wewe.

Kwa hiyo mimi navilinganisha hivi. Kama unachotaka ni pesa zako, na una risiti na meseji ya siku 14, mahakama inashinda, hata haiko karibu. Kama duka linafanya hivi kwa kila mtu na unataka likomeshwe, ama kiasi ni kidogo sana hutaki hata kupanda matatu kwa ajili yake, CAK. Hakuna kinachokuzuia kupeleka malalamiko CAK na bado ukafungua kesi, na kama una nguvu fanya zote.

Mahakama nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni jina. Kwa bango la duka kuna jina moja, kwa risiti lingine, na ukilipa kwa Till ya M-Pesa inatokea la tatu. Ukishtaki jina la bango ambalo si kampuni wala mtu, unaweza kushinda hewa. Chukua jina la kwa risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, na utafute usajili wake kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kujaza fomu. Wa pili ni kwamba kushinda na kulipwa ni vitu viwili. Duka kubwa lenye matawi litalipa. Kibanda kinachohama kila baada ya miezi michache, hata na amri mkononi utahangaika na madalali wa mahakama, kwa hivyo kwa muuzaji wa aina hiyo mimi ningekubali TV ingine ama nusu ya pesa leo kuliko hukumu nzuri baadaye.

Kwa hivyo uchague gani

TV imekufa wiki ya kwanza: usikubali hata kutengenezewa, dai ingine au pesa siku hiyo hiyo, ukikubali kutengenezewa bila kuandika umejishusha mwenyewe. Imekufa katikati ya waranti na kasoro ni ndogo: subiri, ila na tarehe. Paneli: dai ingine, na wakisema hawana, pesa. Imetengenezwa ikarudi na shida ile ile: acha mzunguko, tuma ile meseji ukitaka pesa tu. Waranti imeisha majuzi na TV ilikuwa ya bei ghali: mpe fundi huru aiangalie na akuandikie kasoro ni ya nini kabla haijaguswa, kisha amua kama kudai fidia kunalipa. Stima ilirudi kwa nguvu ikaua TV na ya jirani pia: hapo si duka, waranti karibu zote zinatoa hiyo nje, na duka halina kosa hata ukiwa na hasira kiasi gani.

Na wakikupigia kwamba imepona, nenda uichukue hata kama bado mnazozana. Kuna sheria inayomruhusu aliyeachiwa kitu cha kutengeneza akiuze kikikaa bila kuchukuliwa kwa muda mrefu baada ya kukupa notisi. Iwashe pale pale, dakika si chini ya ishirini, kwa sababu mistari mingine hutokea TV ikishapata joto, na kama una malalamiko andika kwa fomu ya kuchukulia kwamba unaichukua bila kuacha madai yako ya kucheleweshwa.

Walio mbali, ulinunua Nairobi na uko Lodwar ama Lamu, gharama ya kuituma kwa basi na kurudi iweke kwa madai yako pia, kwa hivyo tunza risiti za mzigo. Ipakie kwa boksi lake la kwanza ikiwa imesimama, usiruhusu ilazwe chini ya mizigo, na kabla haijafungwa piga video ya skrini nzima na ya stika ya sirio mbele ya karani wa mizigo, ikifika na ufa ujue ni wa nani.